Kunywa Maji, Sawa, Lakini Choo Kiko Wapi?

Kila mtaalamu wa afya atakwambia: kunywa maji ya kutosha. Ushauri huo hauna ubaya. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa mtu mzima ni maji. Yakipungua, kichwa kinauma, choo kinakuwa kigumu, mkojo unakolea rangi, na hali hiyo ikizoeleka, mawe kwenye figo hayako mbali. Hapo hatubishani.

Swali langu ni hili: mtu asiyekunywa, je, kosa ni lake?

Mtazame mama aliyepanda basi Dar es Salaam kwenda Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Jua linawaka, chupa yake ya maji haijafunguliwa. Si kwamba hajui faida ya maji. Anajua sana! Ila anajua pia kwamba basi linaweza kusimama porini, abiria waambiwe washuke "kuchimba dawa", wanaume wageukie pembeni tu, na yeye aanze kutafuta kichaka. Anapima kiu na aibu, anachagua kiu. Muuza mchicha sokoni naye ana hesabu yake: kila akienda choo cha kulipia, faida ya fungu zima imeyeyuka. Bora abane.

Utasema, kila mtu ana wajibu wa kutunza mwili wake. Kweli kabisa. Mwenye bomba jikoni na choo mlangoni, akishinda na soda tu, huyo ajilaumu. Lakini wajibu huenda na uwezo. Huwezi kumdai mtu jambo ambalo umemfungia njia ya kulifanya, halafu ukamwita mzembe.

Julai 28, 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi ya kunywa na huduma ya choo kuwa haki ya binadamu, vyote viwili katika azimio moja. Walikuwa na akili: kinachoingia lazima kitoke.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi tunaohubiri glasi nane kwa siku mara nyingi tuna choo hatua tano kutoka tulipokaa. Basi anayetaka watu wanywe maji, aanze kuwauliza wenye mabasi na wasimamizi wa masoko: choo kiko wapi, kina maji, na ni shilingi ngapi?