Kisu ni Amana: Hukumu ya Mnyama Aliyegongwa Njiani na Adabu ya Kubeba Kisu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanyama akawatiisha kwetu, kisha akatuwekea hesabu kwa namna tunavyowatumia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake, na kila aliyeshika mwendo wao mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu, barabara itokayo Mombasa kwenda Nairobi hupita Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road na Voi, kisha hukata mbuga ya Tsavo iliyotengwa mwaka 1948, mpaka Mtito Andei. Hakuna dereva wa kwetu aliyeizoea njia hiyo ila amepata kuona mnyama aliyegongwa na gari: mbuzi wa mtu, au ng'ombe, au punda, au swala aliyeduwaa kwa mwanga wa taa usiku. Pengine mnyama huyo amekwisha kufa. Lakini mara nyingi huwa yu hai, miguu imevunjika, macho yamemtoka, naye akigaragara katika vumbi pasina mwenye kumwangalia.

Watu wafikapo hapo hugawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza hupita zao, wakasema si letu hili. Kundi la pili hushuka mbio na visu, si kwa huruma, bali kwa nyama, hata wengine humchinja aliyekwisha kufa kisha wakasema bismillahi imetajwa. Kundi la tatu husimama kwa huruma, lakini hawajui sharia yawaamuru nini wala serikali yawaruhusu nini, basi mwisho wao nao hupita. Yatupasa tuyafahamu mambo haya, maana katika makundi matatu hayo hakuna hata moja lililotimiza haki.

Tuanze na hukumu ya Mola wetu. Katika aya ya 3 ya Suratul Maida, Mwenyezi Mungu ametuharamishia mzoga, na akawataja waziwazi mnyama aliyekufa kwa kupigwa, na aliyeporomoka, na aliyepigwa pembe, na aliyeliwa na mnyama mkali, kisha akamtoa katika uharamu huo yule tutakayemdiriki tukamchinja. Aliyegongwa na gari ni katika jumla ya waliopigwa. Akifa kabla ya kuchinjwa ni mzoga, na hapana bismillahi ya kumhalalisha.

Na kumdiriki maana yake nini? Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamesema kuwa mnyama aliyepatwa na sababu ya kumuua, kama pigo au kuanguka, ni sharti awe na uhai uliotulia wakati kisu kinapopita. Nao wakataja alama zake: atikisike kwa nguvu baada ya kukatwa, na damu ichuruzike kwa kasi. Ama yule ambaye roho imekwisha kutoka, limebaki tetemeko la viungo tu, huyo hahalaliki. Kisha ni lazima likatwe koo la pumzi na umio la chakula, yote mawili kwa ukamilifu. Mwenye shaka na aiache nyama hiyo. Uchu wa mtu si dalili ya sharia.

Lakini, ndugu zangu, lipo jambo kubwa kuliko nyama, nalo ndilo lililonitia kuandika. Mtume wetu (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws na ikatolewa na Imam Muslim, ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ameandika wema juu ya kila kitu, hata katika kuua na kuchinja, na akatuamuru tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kuwa Mtume alimwona mtu aliyemlaza mnyama huku akikinoa kisu mbele ya macho yake, akamkemea kwa kuwa amemfisha mara mbili. Angalieni basi: ikiwa kuonyeshwa makali tu ni adhabu kwa mnyama, huyu aliyelala barabarani usiku kucha, mifupa imetokeza nje, hali yake ni ipi? Na sisi tunaopita tukifunga vioo vya gari, jawabu yetu ni ipi mbele ya Mola wetu?

Tena tusiseme hatukuwa na kisu. Katika Sahihi ya Bukhari imo khabari ya kijakazi wa Kaab bin Malik, aliyekuwa akichunga mbuzi na kondoo katika mlima wa Sal'i karibu na Madina. Alimwona mmoja yuataka kufa; hakuwa na kisu, akavunja jiwe, akamchinja kwa makali yake. Kaab akawazuia watu wake kula mpaka aulizwe Mtume (S.A.W.), naye Mtume akaamuru aliwe. Wanavyuoni wametoa katika khabari hii faida nyingi: kuwa mwanamke huchinja, kuwa chombo chochote chenye makali chafaa, isipokuwa jino na ukucha, na kuwa mwenye kumwokolea mwenziwe mali isipotee hakufanya khiana. Mimi naongeza moja tu: yule binti hakuwa akitembea na silaha. Haja ilipomjia alitafuta chombo, na haja ilipokwisha alibaki mchungaji kama alivyokuwa.

Ama mnyama asiyeliwa, kama punda, mambo yake ni mengine. Vitabu vya Shafi vimekataza kumchinja hata kwa nia ya kumpumzisha. Na wanavyuoni wa Hanafi wameruhusu kumuua asiyetarajiwa kupona. Basi aliye na punda aliyeumia na amwendee daktari wa mifugo kwanza, maana maradhi mengi tunayoyaona hayana dawa, kwao yana dawa. Ndugu zetu wa Lamu wanayo hospitali ya punda tangu miaka ya 1980, nao wameona kwa macho yao punda wangapi walioambiwa wamekwisha, kisha wakarudi kubeba mizigo.

Sasa tuje katika sheria ya nchi. Mbuzi ana mwenyewe. Sheria ya barabarani yamlazimu dereva aliyemgonga mnyama wa mtu asimame, asikimbie. Ukimchinja ili asiwe mzoga, nyama ni ya mwenye mbuzi, si yako wala si ya abiria wako. Mtafute, mwulize mzee wa kijiji, piga khabari kituo cha polisi. Wale wanaokata mapaja na kuondoka wamekula mali ya mtu kwa batili, hata kama uchinjaji wao ulikuwa sahihi.

Ama swala, na paa, na pofu, na kila mnyama wa mwituni, kuwinda kumekatazwa Kenya tangu mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imetia adhabu kali kwa aliyeua na kwa aliyepatikana na nyama. Apataye mnyama wa mwituni aliyejeruhiwa na awapashe khabari askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, au polisi walio karibu. Wao ndio waliopewa amri ya kumtibu au kumpumzisha.

Hapa husimama mtu akasema: "Sheikh, swala ni halali katika Kitabu, basi serikali yatuzuiaje?" Jawabu ni kuwa uhalali wa kitu si ruhusa ya kukitwaa kwa kila njia. Embe ni halali, wala huingii shamba la jirani yako ukachuma. Mwenyezi Mungu katika mwanzo wa Suratul Maida, hiyo hiyo yenye hukumu za kuchinja na kuwinda, ametuanzia kwa amri ya kutimiza ahadi. Nasi tunaishi katika nchi kwa ahadi. Kisha tufikiri: lau kila aliyegonga swala angehalalishiwa nyama yake, wangapi wangezima taa na kukanyaga mafuta makusudi? Mlango huo umefungwa kwa hekima, na kufunga milango ya ufisadi ni kanuni inayojulikana na kila aliyesoma fikihi.

Na wapo ndugu zetu na watoto wetu wengi waliokwenda kukaa Uingereza, nao huuliza suala hili hili kwa sura nyingine. Huko kuna kulungu wengi wanaogongwa na magari. Makadirio yamefikia 74,000 kwa mwaka. Mwislamu aliye njiani usiku akamkuta kulungu amevunjika mgongo, je, achukue kisu katika gari lake siku zote ili amchinje?

Na ajue kwanza sheria ya huko. Uingereza na Wales, kwa sheria ya mwaka 1988, ni kosa kuwa na kisu mahali pa watu wote, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, au mtu awe na sababu njema anayoweza kuithibitisha, kama kazi yake. Kisu kinachojifunga kikishakunjuliwa hakimo katika ruhusa hiyo. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 4. Na gari lililo barabarani halimhifadhi mwenyewe. Kusema "huenda nikamkuta mnyama aliyeumia" ni neno ambalo hakimu aweza kulikataa, maana jambo la huenda si kazi wala si haja iliyopo.

Kwa upande wa pili, sheria yao ya kulungu ya mwaka 1991 haimhesabu kuwa mkosa mtu aliyemuua kulungu aliyejeruhiwa kwa ajili ya kumwondolea mateso tu. Basi huruma imeruhusiwa, ila kutembea na kisu hakukuruhusiwa kwa dhana tupu. La kufanya ni kusimamisha gari mahali pa salama, kuwasha taa za hatari, kuwapigia polisi, nao wana watu waliofundishwa ambao huitwa kuja na bunduki. Kulungu mwenye maumivu hupiga mateke na pembe, na asiye na ujuzi atajiumiza na kumzidishia mnyama adhabu. Akishapigwa risasi naye amelala hajiwezi, nyama yake si halali kwetu, kwa kuwa aliyewezekana kushikwa huchinjwa kooni. Na iwe hivyo. Wewe hukusimama kwa ajili ya nyama.

Kuna wanaoona sheria kama hii ni ya wageni, haina asili kwetu. Wamekosea. Mtume (S.A.W.) alimwona mtu akipita msikitini na mishale, akamwamuru aishike ncha zake, na akatuamuru vivyo hivyo tupitapo misikitini na masokoni, isije ikamdhuru Mwislamu. Akakataza kupeana upanga uliokwisha kufutwa alani. Na akatuonya kuwa mwenye kumwelekezea nduguye chuma hulaaniwa na Malaika, hata akiwa ni ndugu wa baba na mama. Hiyo ndiyo sheria ya kubeba kisu, nayo iliandikwa kwetu zaidi ya miaka 1,300 kabla ya ile ya Uingereza.

Hili, ndugu zangu, si la Uingereza tu. Tazameni mitaa yetu ya Mombasa. Miaka hii vijana, na wengine wao ni watoto wadogo waliotoka chuoni juzi, wamefanya makundi, wakatembea na visu na mapanga, wakawakata watu Kisauni na Likoni kwa ajili ya simu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya humshika mwenye kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu, na mwenye kukutwa nayo akiwa na nia ya uhalifu. Lakini polisi huja baada ya damu. Kabla ya polisi yuko baba, yuko mama, yuko mwalimu wa chuo. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, wakakusudia ajifunze kwa jeraha lake mwenyewe. Mtoto huyu wa leo hajikati yeye. Humkata mpita njia, kisha mama yake ndiye aliaye mahakamani au makaburini.

Sharia iliyotukataza kumwonyesha mbuzi makali, yawezaje kuridhia tumwonyeshe binadamu? Kisu ni amana. Hunolewa kwa ajili ya rehema, hutumiwa kwa haja, kisha hufutwa kikarudishwa alani.

Basi natuyashike haya. Ukimkuta mnyama amegongwa, simama ukiwa na salama. Akiwa wa mtu naye yuataka kufa, mchinje kwa wema ukiweza, na nyama uirejeshe kwa mwenyewe. Akiwa wa mwituni, wapashe khabari wenye amri. Akiwa hali, mtafutie daktari wa mifugo. Usile chenye shaka. Kisu cha jikoni kikae jikoni, cha mchinjaji kikae machinjioni, na kikichukuliwa njiani kifungwe, kiwe na kazi inayojulikana. Na kila mzazi, usiku wa leo kabla ya kulala, na amwulize mwanawe amebeba nini.

Ewe Mola wetu, zijaze nyoyo zetu huruma kwa viumbe vyako, izuie mikono ya vijana wetu na damu, na uilinde miji yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.