Aliyelewa Hakumbuki

Jumapili ya tarehe 15 Mei 1988, mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha kemikali huko Kentucky, Marekani, alizinduka kwenye kitanda cha hospitali asijue kilichomleta pale. Ikabidi aambiwe. Usiku uliopita aliendesha pikapu yake kinyume kwenye barabara kuu ya I-71, karibu na mji mdogo wa Carrollton, akagongana uso kwa uso na basi la kanisa. Watu 27 wamekufa, wengi wao watoto. Yeye hakukumbuka chochote. Alipopimwa damu alikutwa na gramu 0.24 za kileo kwa kila mililita 100, na sheria ya jimbo lile wakati huo iliweka mpaka kwenye 0.10.

Barabara hiyo ndiyo inayotoka Louisville kuelekea Cincinnati. Zimetokea ajali nyingine nyingi tangu siku ile, ila sijaona inayoonyesha wazi kuliko hii jinsi hasara inavyogawanywa. Mlevi hulala, na wengine wote hubaki macho.

Basi lenyewe lilikuwa la kanisa moja la mji wa Radcliff, jirani na kambi ya jeshi ya Fort Knox. Zamani lilibeba wanafunzi, kisha likanunuliwa na kanisa. Vijana walikuwa wameshinda Kings Island, bustani ya michezo iliyoko Ohio, na sasa wanarudi, saa tano ya usiku inakaribia. Njiani walisimama kituo cha mafuta, tanki likajazwa. Pikapu ilipowavaa, chuma cha springi kilichomoka kikatoboa tanki hilo, lililokaa karibu na mlango wa mbele. Moto ukawakia palepale mlangoni. Watu 67, dereva akiwemo, wakabakiwa na mlango mmoja, ule wa nyuma, na kwenye kinjia chembamba cha kuuendea lilikuwepo sanduku la barafu la kuwekea soda. Wachunguzi walikuja kugundua kwamba hakuna hata mmoja aliyeuawa na mgongano wenyewe. Wote 27 waliuawa na moto na moshi, ndani ya basi ambamo dakika chache kabla walikuwa wazima. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 10. Mwanamume mmoja alipoteza mke na mabinti wawili kwa mpigo.

Wapo waliolilaumu tanki, na hawakukosea. Lilikuwa halina kinga ya chuma, kwa sababu basi liliundwa muda mfupi tu kabla ya kanuni mpya za usalama wa mabasi ya shule kuanza kutumika Aprili 1977. Kentucky ikaja kubadili kanuni za mabasi yake, ikaongeza milango na madirisha ya dharura. Lakini tanki hilohilo lilikuwa limetembea miaka kumi na moja bila kumuunguza mtu.

Waliowahi kufika walikuwa wasafiri wa kawaida waliosimamisha magari yao. Waliwavuta watoto kwa mikono kupitia mlango wa nyuma, walivyoweza, hadi moshi ulipowashinda. Kisha wakaja wazimamoto na polisi. Moto ulipozimwa, kazi ya kuwatoa waliobaki haikuwezekana kufanyika barabarani. Basi lilinyanyuliwa na winchi, likapandishwa juu ya lori na maiti wakiwa ndani, likapelekwa kwenye jengo la jeshi la akiba hapo Carrollton. Huko ndiko watu wa mji mdogo walikoingia kutoa miili ya watoto, mmoja baada ya mwingine. Wengi haikuwezekana kuwatambua kwa sura, zikatafutwa rekodi za meno. Mzazi anayeulizwa jina la daktari wa meno wa mwanawe hahitaji kuelezwa zaidi. Na aliyetumwa kumuuliza naye ana nyumbani kwake, ana watoto wake, na jioni atarudi kuketi nao mezani.

Kwetu, anayefika wa kwanza mara nyingi hana sare. Ni kijana wa bodaboda aliyekuwa kijiweni, ni mama muuza mahindi ya kuchoma anayevua khanga yake kumfunika mtu, ni abiria wa daladala iliyokuwa nyuma. Hawa hubeba majeruhi kwenye Noah na kwenye Hiace, mikono haina glovu. Polisi wakifika huwaambia rudini nyuma. Hakuna anayewauliza siku ya tatu wamelalaje. Tunawasema tu wale wachache waliopekua mifuko ya marehemu, kana kwamba ndio peke yao waliokuwepo.

Yule dereva wa pikapu alikwishakamatwa mwaka 1984 kwa kosa hilohilo la kuendesha akiwa amelewa. Hiyo ndiyo sehemu inayoniudhi kuliko zote, kwa kuwa naijua sauti yake: nimekunywa kidogo tu, mbona juzi nilifika salama, gari inaijua njia. Mtu aliyelewa hana kipimo cha ulevi wake, maana kinacholewa kwanza ni hicho kipimo chenyewe. Na ini halina haraka. Kwa wastani hupunguza kama 0.015 kwa saa, kwa hiyo mwenye 0.24 saa tano usiku anaweza kuwa bado na kileo mwilini hadi kesho yake alasiri. Kahawa haiharakishi, wala kuoga maji baridi, wala ile supu ya asubuhi tunayoisifia. Vinamfumbua macho tu, anabaki mlevi aliye macho.

Mwaka 1989 mahakama ilimtia hatiani yule dereva wa pikapu kwa kusababisha vifo 27, akahukumiwa kifungo cha miaka 16. Alitoka mwaka 1999. Kufikia hapo mama wa yule mtoto wa miaka 10, Karolyn Nunnallee, alikwisha kuwa rais wa MADD, chama cha akina mama wanaopinga ulevi barabarani kilichoanzishwa California mwaka 1980 na mama mwingine aliyeuliwa binti na dereva mlevi. Vyama vya namna hiyo wanachama wake hawaviombi.

Kenya walipokileta tena kipimo cha pumzi kiitwacho alcoblow mwishoni mwa 2013, haikuchukua muda madereva wakaanza kupashana habari kwenye simu: leo polisi wako barabara fulani, piteni kwingine. Aliyetuma ujumbe alidhani anamsaidia rafiki. Na sisi tusiotuma ujumbe wowote tuna aibu yetu: nani atamwambia mjomba, au baba mkwe, alete funguo? Tunasimama getini tunampungia mkono, tunamuombea kwa Mungu, na geti tunamfungulia wenyewe.

Suala hili la funguo linaweza kupangwa mapema, watu wakiwa bado hawajaonja. Kamati ya harusi ina mtu wa ukumbi, wa mapambo, wa MC, wa chakula. Vinywaji vina kamati ndogo yake, na kreti huhesabiwa hadi chupa ya mwisho. Bajeti nilizoona hazina mstari wa kuwarudisha watu nyumbani saa saba usiku. Hiace mbili za kukodi na madereva wasiokunywa ni bei ya kreti chache. Kwenye kikao kijacho, mhazini akishasoma fungu la vinywaji, mtu anyooshe mkono aulize funguo za wageni atakaa nazo nani.