Ukimya wa Ajuaye

Kuficha elimu ni kosa ambalo wanavyuoni wa Kiislamu hawakulihesabu kuwa jepesi hata kidogo, kwani katika Hadithi iliyopokewa kwa Abu Hurayra, na kuhifadhiwa na Abu Dawud na Tirmidhi katika vitabu vyao, mtu aulizwaye jambo la elimu alijualo, naye akalificha, ameonywa kwamba Siku ya Kiyama atatiwa hatamu ya moto. Mbele ya onyo kali kama hili, msomaji mwenye insafu hana budi kustaajabu akiambiwa kwamba katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, na vya nchi nyingine zilizofuata mfano wao, wako vijana wanaolipwa ujira ili wawasaidie wenzao katika masomo, na kwamba jambo la awali wanalofundishwa, kabla ya kukabidhiwa kazi yao, ni kuzuia ndimi zao: wakiulizwa swali ambalo jawabu lake wanalo, wasilitoe, bali walirudishe kwa waliouliza. Je, huku si kuficha elimu kwa mshahara? Na ikiwa siko, ni kitu gani kinachoutenga ukimya huu na ule uliolaumiwa? Mas'ala haya si ya watu wa fikihi peke yao; yanamhusu kila achukuaye dhima ya kumwandaa mwanafunzi ili amfundishe mwanafunzi mwenziwe, kwa sababu mtu hawezi kuandaliwa vyema kwa kazi ambayo uhalali wake haujapimwa.

Utaratibu nilioutaja ulianza mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City, ambako bibi mmoja aitwaye Deanna Martin aliwekwa kutafuta njia ya kuwaokoa wanafunzi wa utabibu, wa meno na wa madawa waliokuwa wakianguka au kuyaacha masomo yao. Busara yake kubwa ilikuwa kutoliweka doa la udhaifu juu ya mwanafunzi, bali juu ya somo lenyewe. Aliyatafuta masomo yale ambayo asilimia 30 au zaidi ya wanafunzi wake hupata alama duni, hushindwa kabisa, au hujitoa kabla ya mwisho, akawafungulia mlango wote wayasomao, hodari na mnyonge, kuja kikaoni kwa hiari yao bila ya kuonewa haya. Kiongozi wa kikao ni mwanafunzi aliyekwisha kulipita somo lilo hilo kwa alama nzuri. Hurudi darasani, akaketi pamoja na wenziwe, akausikiliza mhadhara tena na kuandika kama waandikavyo wao, kisha mara kadha kwa juma akawakusanya ili wayachambue waliyoyasikia. Mwaka 1981 Wizara ya Elimu ya Marekani iliutambua utaratibu huu kuwa wa kuigwa, na tangu hapo ukaenea hata Ulaya na Australia. Popote ulipofika, sharti lake moja halikubadilika: kiongozi hana ruhusa ya kuurudia mhadhara.

Ni katika sharti hilo tu ndipo ugeni wa jambo hili ulipo, maana mwanafunzi kumsomesha mwanafunzi ni desturi kongwe. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa amepita Baghdad miaka minne kabla yake, na katika madrasa ya Mustansiriyya alimwona mwalimu ameketi kwa utulivu na haiba, na kuume na kushoto kwake wako muidi wawili, ambao kazi yao ilikuwa kuyarudia maneno yote aliyoyasomesha. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, mtoto aliyekwisha kupiga hatua humsikiliza aliye nyuma yake, na mwalimu hubaki na watakaohitimu. Andrew Bell, aliyesimamia skuli ya mayatima huko Madras, alipiga chapa mwaka 1797 kitabu cha kuusifu mpango wa watoto kufundisha watoto, na mwaka uliofuata Joseph Lancaster akafungua skuli yake Southwark, London, ambamo mamia ya watoto maskini walisomeshwa na mwalimu mmoja na jeshi la wanafunzi wasaidizi. Lakini muidi wa Baghdad, mtoto wa chuoni na msaidizi wa Lancaster walikuwa na wajibu wa namna moja, nao ni kusema: walichopewa na mwalimu wakifikishe kwa walio chini yao, kisipungue wala kisizidi. Kijana wa Kansas City aliambiwa kinyume chake.

Ili tusihukumu jambo kwa jina lake, na tukitazame kikao kimoja cha mfano katika somo la kemia. Swali lililo ubaoni lasema kwamba gramu 10 za hidrojeni zimewekwa pamoja na gramu 40 za oksijeni, na lataka kujua yatapatikana maji kiasi gani. Kijana mmoja anasimama kwa uhodari, anashika chaki, na kueleza kwamba hidrojeni itakwisha kwanza kwa kuwa ni chache. Na kwa vile kila gramu moja ya hidrojeni huungana na gramu 8 za oksijeni zikatoka gramu 9 za maji, basi jawabu ni gramu 90. Wawili wanaitikia kwa kichwa. Kiongozi amekwisha kuliona kosa tangu neno la kwanza, na ulimi wake unamwasha, kwani mwaka jana yeye mwenyewe alilipata swali kama hili na alama zake zote. Hasemi. Anamwomba kijana aandike hesabu yake yote ubaoni, kisha anawageukia wengine na kuwauliza, «Jamani, mnakubaliana?» Kimya kinaingia, kirefu kuliko wanavyokipenda watu wa mjini. Ndipo binti aliyekaa nyuma, ambaye hajanena tangu kikao kianze, anapouliza kwa sauti ya mashaka, «Tumetia gramu 50, zimetokaje 90?» Kijana wa ubaoni anaifuta hesabu yake kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya dakika chache wamepata kwamba gramu 40 za oksijeni hutosheka na gramu 5 za hidrojeni, maji ni gramu 45, na gramu 5 za hidrojeni zimebaki bila ya mwenzi. Zote pamoja ni 50.

Sasa tuulize: kiongozi huyu ameficha nini? Jawabu hakulificha, kwani limetoka, tena limetoka likiwa na hoja yake. Alichokizuia ni sauti yake tu. Na lau angaliitoa, binti yule angaliondoka na nambari sahihi pasipo kujua kwamba alikuwa na mizani ya kuipimia. Dini yenyewe haikuacha kutupa mifano ya ajuaye kuuliza badala ya kueleza. Katika Hadithi mashuhuri ya Jibril, malaika alikuja kwa sura ya mgeni, akauliza juu ya Uislamu, Imani na Ihsani, naye hakuwa mhitaji wa majibu. Akaulizia na Kiyama, akaambiwa kwamba muulizwa hajui zaidi ya muulizaji. Na alipokwisha ondoka Mtume aliwabainishia masahaba kwamba yule alikuwa amekuja kuwafunza dini yao. Mafunzo yalikuwa katika kuuliza. Kadhalika imo katika Bukhari habari ya Mtume kuwauliza masahaba ni mti gani ulio mfano wa Muislamu, mawazo yao yakaenda kwenye miti ya nyikani, ilhali Abdullah bin Umar, aliyekuwa kijana, moyoni alijua kuwa ni mtende, akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Baba yake alipoambiwa baadaye alisikitika, akatamani mwanawe angalisema. Ukimya wa aliyeuliza uliwafungulia wenziwe fikira. Ukimya wa kijana mwenye haya uliwanyima jambo alilokuwa nalo. Kwa hiyo kunyamaza si kitu kimoja kiwezacho kusifiwa au kulaumiwa kwa jumla.

Yuko atakayesema kwamba kuuliza kwa mtu ajuaye ni mchezo wa kuigiza, na hoja yake haifai kudharauliwa. Plato ameandika jinsi Sokrates alivyomwita mtumwa wa mtu aitwaye Meno, akamchorea mraba, na kwa maswali matupu akamfikisha kuujua mraba ulio maradufu ya ule wa kwanza, kisha akadai kuwa hakumfundisha kitu. Asomaye kwa makini huona kwamba maswali mengi katika hayo hayakumwachia mtumwa isipokuwa kuitikia ndiyo, na swali lisilo na jawabu ila moja ni mhadhara uliovaa kanzu ya swali. Uko na ukimya mbaya zaidi ya huo, ukimya wa kiburi, wa yule anayemwacha mwenziwe ahangaike ili aonekane jinsi alivyo mbali naye, na uko ukimya wa hila, wa yule asiyejua lakini akajificha nyuma ya maneno «mnaonaje nyinyi?» Imamu Malik wa Madina, kwa elimu yake yote, amesimuliwa kwamba alikuwa akiulizwa mas'ala mengi, na katika mengi ya hayo akajibu kuwa hajui. Kiongozi wa kikao asiyeweza kulitamka neno hilo mbele ya wenziwe hajahitimu, hata akiwa na alama za juu namna gani.

Basi kipimo kiko wapi? Kwa maoni yangu kinapatikana kwa kulikisia jambo hili na mgawanyo wa faradhi tuufahamuo. Iko faradhi aini, iliyo juu ya kila nafsi, kama Sala tano. Na iko faradhi kifaya, kama Sala ya maiti, ambayo wakiisimamisha baadhi ya watu wengine wameondokewa na dhima, na asipoisimamisha hata mmoja wote wamepata dhambi. Swali linapoulizwa katika duara la wanafunzi, kulijibu ni faradhi kifaya juu ya duara zima, na maadamu yuko ndani yake awezaye kulifikia jawabu, leo au baada ya kufikiri kitambo, kiongozi hana deni la kulitoa, bali ana deni la kumpisha. Lakini wote wakiishiwa, au wakiafikiana juu ya kosa na kutaka kuondoka nalo, au mmoja wao akivunjika moyo hata akakaribia kuliacha somo, faradhi inageuka kuwa aini juu ya kichwa cha ajuaye, na ukimya wake tangu dakika hiyo ni kuficha elimu kwa maana kamili ya onyo lile. Binti yule wa nyuma asingalinena, na kikao kikawa kinakwisha, kiongozi alikuwa hana udhuru.

Kama hivi ndivyo, maandalizi ya vijana hawa hayawezi kuwa kanuni moja ya kufunga kinywa. Zipo jumuia zinazoyawekea kipimo: chama cha Marekani cha walimu wa kusoma na kujifunza vyuoni, kiitwacho kwa herufi zake CRLA, tangu mwaka 1989 kimekuwa kikizitolea ithibati programu za kuwafunza wakufunzi wanafunzi, na daraja yake ya kwanza hutaka si chini ya saa 10 za mafunzo na saa 25 za kazi yenyewe. Saa hizo si za bure, kwani liko jambo linaloweza kufundishwa kwa saa na hata kwa sekunde. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu, baada ya kuuliza, aghalabu hungoja kiasi cha sekunde moja tu, na kwamba wakingoja 3 au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka na waliokuwa hawasemi huanza kusema. Kungoja sekunde 3 kila kijana aweza kuzoezwa. Kujua kama kimya cha sekunde ya 10 ni cha watu wanaofikiri au cha watu waliokata tamaa, hilo halipatikani katika siku mbili za semina kabla ya muhula kufunguliwa. Hupatikana kwa kutazamwa kazini na mkubwa mwenye subira, ambaye baada ya kikao humwuliza kiongozi kwa nini alinyamaza pale na kwa nini alisema hapa, akamrudia tena na tena hata dhamiri yake ikawa na masikio.

Nia nayo ina mahali pake, kwa kuwa hapana mtu mwenye tamaa kubwa ya kusema kama aliyejua jana. Ghazali, katika kitabu cha elimu kilicho mwanzo wa Ihya yake, ameyahesabu maradhi ya moyo yazaliwayo na majadiliano ya wanavyuoni, miongoni mwao kiburi, husuda na kupenda kusifiwa. Naye alisema akiyajua, kwani alisomesha katika madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad tangu mwaka 1091, na mwaka 1095 akaiacha kazi ile tukufu alipoikagua nia yake na kuiona haikuwa safi. Ikiwa mtu wa cheo kile alijitilia shaka, sembuse kijana wa miaka 20 aliyepewa chaki na ujira. Wala vyuo vyenyewe havikusalimika, maana kijana ni rahisi kuliko mwalimu, na chuo kinachowaongeza viongozi wanafunzi ili kipunguze walimu, bila ya kuwapa msimamizi wa kuwatazama, kimerudi kwa Lancaster na kuchukua urahisi wake tu. Anayewaandaa vijana hawa na awaambie wazi kwamba ukimya waliopewa ni amana yenye mpaka, kwamba mpaka huo hutofautiana kwa kila duara na kila swali, na kwamba wakiuvuka kwa kusema mapema wamemnyima mwenzao akili yake, wakiuvuka kwa kunyamaza mno wamemnyima elimu yao. Kisha na awe tayari yeye mwenyewe kuulizwa na vijana hao kwa nini aliwanyamazia walipokuwa wakikosea.