Nyuma ya Feni

Lugha yetu husema chai imepoa, maji yamepoa, hasira zimepoa, kana kwamba joto ni kitu kinachokufa. Lakini mwenye kukitazama kikombe kwa makini atajua kuwa hakuna kilichokufa. Joto limetoka katika chai likaingia katika udongo wa kikombe, likatoka hapo likaingia hewani, na hewa hiyo ndiyo tunayoivuta sisi tuliokaa barazani. Kupoa kwa kimoja ni kupata moto kwa kingine. Jambo hili nililisoma tangu ujanani, walakini sikulitambua kuwa ni suala la maadili mpaka nilipofika Engaresero mwanzoni mwa mwaka 2026, nikaingia katika kibanda cha kijana mmoja mwenye kompyuta ya michezo.

Engaresero ni kijiji cha wilaya ya Ngorongoro, kusini mwa Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Anayetoka Karatu huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, kisha hushika njia ya kaskazini inayopita Engaruka. Karatu mtu hulala na blanketi. Engaresero iko kiasi cha mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya joto hewa hufika nyuzi 40. Mlima wenyewe ni wa ajabu: lava yake hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600, yaani kama nusu ya moto wa lava ya volkano nyingi nyingine, na kwa sababu hiyo wataalamu huiita lava ya baridi. Baridi, naam, kwa kulinganisha. Lakini sijasikia mtu aliyenawa kwayo.

Kibanda cha kijana huyo ni cha mabati. Juu yake mna paneli mbili za umeme wa jua, ndani mna betri, viti vya plastiki, na kompyuta ya mezani aliyoinunua Arusha mkono wa pili. Kadi yake ya picha, kile kipande kinachochora uwanja na wachezaji, ni ya aina iliyoingia sokoni mwaka 2016. Vijana wa kijiji, na waongoza wageni wanaosubiri kupanda mlima usiku, hulipa wakacheza mpira kwenye kioo. Ndiyo riziki yake. Lakini kila siku, baada ya adhuhuri, picha zilianza kukatikakatika, na mara nyingine mashine ikajizima katikati ya mchezo, na mteja akadai fedha zake.

Sababu yake si fumbo. Umeme wote unaoingia katika kompyuta, karibu wote hutoka ukiwa joto. Picha hupita na makelele ya uwanja hupita. Joto ndilo hubaki, na hapana budi liondolewe. Juu ya chipu hukaa kipande cha alumini au shaba chenye mapezi membamba. Kati ya viwili hivyo hupakwa dawa laini ya kijivu ili joto lipite bila kizuizi, na feni huyapuliza mapezi hayo. Walakini feni haina baridi ya kwake. Inachofanya ni kusukuma hewa iliyoikuta. Hewa ya chumba ikiwa na nyuzi 40, chipu haitashuka chini ya nyuzi 40 hata feni ziwe kumi. Chipu inapozidiwa hujipunguzia kasi. Ikizidiwa zaidi, mashine hujizima isije ikaungua.

Kijana alifanya alichoweza. Alitoboa bati la nyuma, akafunga feni kubwa ya kutupa hewa ya moto nje. Mashine ikapata nafuu. Ila nyuma ya kibanda kile, katika ukanda mwembamba wa kivuli, alikuwa amezoea kukaa mama mmoja muuza shanga. Nilimkuta akisogeza kigoda chake, kwanza hatua mbili, kisha hatua tano, mpaka akatoka kivulini kabisa akakaa juani. Hakusema neno. Kijana naye hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mbele, na feni ilikuwa nyuma.

Tulipozungumza, akaniambia dawa ya mambo haya ni kuiongezea mashine nguvu: kadi mpya, na kumbukumbu zaidi, zile bao nyembamba ambazo wauzaji wa Arusha na Kariakoo huziita ram. Alikuwa ameweka akiba. Aliponyanyua simu kumwuliza muuzaji, akatajiwa bei iliyopita maradufu ya ile aliyotajiwa miezi michache nyuma. Alidhani anaibiwa. Hakuwa akiibiwa, au tuseme hakuwa akiibiwa na muuzaji yule. Kumbukumbu za kompyuta za dunia nzima hutengenezwa, kwa sehemu iliyo kubwa kabisa, na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Katika mwaka 2025 vituo vikubwa vya data, vinavyojengwa kwa ajili ya akili mnemba, viliagiza kumbukumbu kwa wingi usio na mfano, na viwanda vikaelekeza mitambo yao huko kwenye faida. Disemba ya mwaka huo Micron ilitangaza kuwa inaachana na biashara ya kuwauzia watu wa kawaida kumbukumbu zake za jina la Crucial. Bei ikapanda kila mahali, na ongezeko hilo likashuka Bonde la Ufa mpaka Engaresero.

Hapo nikafanya kosa ambalo ndilo lililonifanya niandike. Nilimwambia kijana maneno mazuri juu ya kiasi. Nilimkumbusha kwamba mtaka yote hukosa yote, kwamba mashine aliyonayo ingekuwa maajabu kwa baba yake, kwamba kutosheka ni utajiri. Alinisikiliza kwa adabu, mikono nyuma, kama wanavyosikilizwa wazee kwao. Kisha akaniuliza: "Baba, hilo neno kiasi mbona linashuka tu, halipandi?"

Sikuwa na jibu. Na kadiri nilivyotafuta jibu ndivyo nilivyojiona nimesimama upande nisioutarajia. Mimi ni mfasiri niliyejifunza kazi kwa kamusi na kandili, bila chuo. Miaka michache hii, sentensi inaponikatalia, huiuliza programu ya akili mnemba katika simu yangu, nayo hunijibu kabla sijameza mate. Simu haipati hata vuguvugu. Nilidhani, kwa hiyo, kwamba kazi hiyo haina joto. Kumbe joto lipo, na feni yake ipo, ila inavuma katika jengo lililo ng'ambo ya bahari. Shirika la Kimataifa la Nishati limekadiria kuwa vituo vya data vilitumia karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024. Umeme huo nao wote huishia kuwa joto, na pembeni ya kila jengo la namna hiyo wako watu. Maswali yangu ni tone katika bahari hiyo, lakini ni tone la upande wa juu. Mimi niliyemhubiria kijana kiasi ni mmoja wa waliompandishia bei.

Bei, basi, ina tabia ya joto. Haifi, huhamishwa. Anayeweza kulipa huisukuma kwa asiyeweza, naye huisukuma kwa aliye dhaifu zaidi, mpaka imfikie mtu asiye na wa kumsukumia. Na wanaosukumiwa si wanunuzi peke yao. Ndani ya vyombo hivi mna madini ya tantali, na sehemu kubwa ya madini hayo hutoka Kongo mashariki. Machimbo ya Rubaya, Kivu Kaskazini, yalitwaliwa na waasi wa M23 mwaka 2024, na watu wameendelea kuchimba humo kwa mikono. Hao wako nyuma ya feni ya kila mmoja wetu, mimi na kijana na mwenye kituo cha data. Hapa ndipo kijana naye asipoweza kutoka katika hesabu. Wala hakudai kutoka.

Si mbali na Engaresero, upande wa magharibi wa ziwa, wanaishi Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo. Hao kwa vizazi vingi wamelima kwa mifereji katika nchi kavu, na Robert Gray, mwanaanthropolojia aliyechapisha kitabu juu yao mwaka 1963, ameeleza jinsi maji yalivyogawanywa na baraza la wazee waitwao wenamiji. Mtu asidhani ulikuwa mgao wa usawa. Wenamiji walipata zamu kwanza, wengine wakafuata, na wasio na haki ya maji walilazimika kuomba na kulipia. Siwasifu kwa hilo. Ninachokiona ni kitu kimoja tu: aliyenyimwa maji alimjua aliyemnyima. Aliweza kwenda mlangoni kwake, akakaa, akamtazama usoni. Na mzee aliyejipa zamu mbili alilazimika kupita kila siku kando ya shamba lililokauka kwa sababu yake.

Mfereji wa siku hizi hauna mlango wa kuendea. Chanzo kiko Asia na Marekani, shamba liko Engaresero, na katikati hakuna baraza, ila bei tu. Bei haimwulizi mtu ana haja gani. Humwuliza ana fedha kiasi gani. Ndiyo maana neno kiasi limepotoka. Kwa maana yake ya asili, kiasi ni kipimo, na kipimo humpima aliyechota nyingi kabla ya aliyechota kidogo. Tulipolifanya kuwa nasaha ya kuwatuliza wasio na kitu, tulilivunja. Kumwambia mwenye wati 200 za jua atosheke, na kumnyamazia mwenye mtambo unaokula umeme wa mji mzima, si hekima hata ikisemwa kwa methali.

Huenda msomaji akauliza: yote haya kwa ajili ya mchezo? Sisi wa visiwani, tunaoweza kukaa juu ya bao la kete tangu alasiri mpaka magharibi, hatuna uso wa kuuliza hivyo. Burudani ya maskini haihitaji ruhusa zaidi kuliko burudani ya tajiri. Tena kadi zile zile zilizobuniwa kwa ajili ya michezo ndizo zilizoifungulia njia akili mnemba; wachezaji ndio waliozinunua miaka yote kabla wenye vituo vya data hawajazitamani.

Je, kijana hana wajibu basi, kwa kuwa wakubwa hawautimizi wao? Hapo nakataa. Dhuluma ya mkubwa haihalalishi dhuluma ya mdogo, wala yule mama hakutolewa kivulini na kampuni ya Korea. Tofauti ni hii: wajibu hupimwa kwa joto ulitoalo na kwa uwezo ulionao wa kulielekeza kwingine. Kwa kipimo hicho kijana ana wajibu mdogo, mimi ninao mkubwa kidogo, na wako wenye wajibu mkubwa mno. Lakini hakuna ambaye wajibu wake ni sifuri.

Nilikaa siku mbili zaidi, kwa maana sikutaka kuondoka nikiwa nimeacha nasaha peke yake. Tuliifungua mashine. Ndani mlikuwa na vumbi jeupe la bonde lile, limejaza nafasi za mapezi kama pamba. Tulilitoa kwa brashi ya rangi. Dawa ya kijivu ilikuwa imekauka ikawa kama chokaa. Tukaifuta, na kijana akapaka nyingine aliyoagizia kwa dereva wa gari la wageni. Kisha akaufunga mchezo usichore zaidi ya picha 60 kwa sekunde, badala ya kuuachia ukimbie utakavyo, na akaishusha kidogo volteji ya chipu. Hesabu yake ni ya kutia moyo: volteji ikipunguzwa kwa sehemu 10 katika 100, na kasi ikabaki ile ile, nguvu ambayo chipu huitumia kwa kazi yake hupungua kwa sehemu 19. Wateja hawakuona tofauti. Mchana ule mashine haikujizima.

Nilidhani tumemaliza. Kijana ndiye aliyesema bado. Akachukua ngazi, akaiondoa feni ya nyuma, akaziba tundu kwa kipande cha bati, akatoboa jingine juu, chini ya paa, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Ilimchukua jioni nzima, na ilimlazimu kukata waya na kuunga upya. Asubuhi yake akamwita mama muuza shanga, "Yeyo, njoo ujaribu." Mama akakiweka kigoda pale pale pa zamani, akakaa, akanyoosha mkono nyuma kuligusa bati, kisha akaendelea kutunga shanga zake.

Nilirejea kisiwani nikiwa na tafsiri ya kumaliza. Sentensi ya tatu ilinikatalia. Nimeitoa simu mfukoni, nimeitazama, nimeirudisha, nimefungua kamusi. Sijui kama nitafanya hivyo kila siku. Mimi ni mtu mvivu kama watu wengine. Lakini tangu siku ile, kila nikiitoa simu hiyo, hujiuliza ni kigoda cha nani ninachokisogeza, na huona haya kwamba mtu huyo sijui hata yuko nchi gani.