Mgonjwa Anapoulizwa: Ni Mteja au Ni Shahidi?

Miongoni mwa mambo yaliyozuka katika zama zetu na kuenea upesi ni hii desturi ya serikali kuwauliza wagonjwa rai zao. Mtu atoka hospitali, hajafika mlangoni atiwa karatasi mkononi. Au asubuhi ya pili simu yake yalia, na ujumbe wamuuliza: Je, uliridhika na huduma yetu? Na chini yake imeandikwa kwamba kujibu ni kwa khiari. Watu wengi hulichukulia jambo hili kuwa dogo, mwenye nafasi akajibu na mwenye shughuli zake akatupa. Ama sisi twaona kwamba ndani yake mna mas'ala makubwa ya uadilifu, nayo ni haya: huyu anayeulizwa aulizwa kwa cheo gani? Kwani mtu huulizwa kama mnunuzi, na huulizwa kama shahidi, na mambo haya mawili hayafanani.

Tuanze na asili. Tarehe 11 Septemba 1993, Rais Bill Clinton wa Marekani alitia sahihi amri nambari 12862. Amri hiyo ilizitaka idara za serikali ziwatambue wateja wao, ziwaulize ni huduma ya namna gani waitakayo na wameridhika kadiri gani na ile waipatayo, kisha ziweke kanuni za huduma na kuzitangaza. Kipimo kilichowekwa ni kwamba serikali imhudumie raia kama biashara iliyo bora kabisa inavyomhudumia mnunuzi. Idara za afya ya umma nazo zikaingia katika kazi hiyo, zikatunga karatasi zao za maswali. Madhumuni yalikuwa mema, wala hatuna la kuyapinga.

Lakini hilo neno mteja lataka kutazamwa vyema. Mteja wa duka akiuziwa leo mchele wenye mawe, kesho huvuka njia akaenda duka la pili, na mwenye duka wa kwanza hupata khabari zake kwa kuona fedha zimepungua kashani. Hana haja ya kumpa mtu karatasi. Mwanachuoni Albert Hirschman aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka wa 1970, akabainisha kwamba asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kusema. Sasa yule mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, naye hana karibu yake illa hospitali moja ya serikali, wala hana fedha za hospitali ya kulipia, aondoke aende wapi? Mlango wa kuondoka umefungwa, amebakiwa na kusema tu. Kumwita mteja ni kumpa jina la uwezo asiokuwa nao. Na kwa sababu hana uwezo huo, swali aulizwalo ni zito kuliko swali la mwenye duka. Kwake yeye ndiyo nafasi pekee.

Basi na tutazame khiari yenyewe. Wamarekani wana sheria ya mwaka wa 1980, iliyotungwa upya mwaka wa 1995, isemayo kwamba idara ya serikali ikitaka kuwauliza watu kumi au zaidi maswali yale yale, haina budi kwanza kutangaza azma yake, kungoja siku 60 ili watu watoe maoni, kisha kuomba kibali na kupewa nambari ya kuandikwa juu ya karatasi. Na katika tangazo hilo lazima ielezwe kwamba kujibu kutamchukua kila mtu dakika ngapi, na jumla ya watu wote itakuwa saa ngapi kwa mwaka. Wako wanaoicheka sheria hii, wakisema ni kuandika karatasi ili upate kuandika karatasi, na kweli mara nyengine hungojwa miezi kwa ajili ya maswali ya dakika tano. Lakini sisi twaona ndani yake insafu kubwa: dakika za raia si mali ya serikali, na mwenye kuzitaka na aombe.

Hata hivyo, wakati sio ugumu mkubwa wa khiari. Ugumu mkubwa ni khofu na haya. Muuguzi amesimama kando ya kitanda, kalamu mkononi, akuuliza kama wauguzi wa wodi hii ni wapole. Na yeye ndiye atakayekufunga jeraha lako kesho. Imeandikwa kwamba ni khiari. Nani atakayesema la?

Haya nayo, hasa kwetu sisi watu wa pwani, ina nguvu kuliko khofu. Watafiti wa mambo haya huijua tabia ya mwenye kuulizwa kujibu lile litakalompendeza mwenye kuuliza, nao huihesabu kuwa ni kasoro katika hesabu zao. Sisi twaiita adabu. Mzee wetu amekaa bengini tangu alfajiri, ameitwa adhuhuri, ameambiwa dawa hakuna akanunue nje; na akiulizwa khabari za huduma husema: Alhamdulillahi, nzuri. Hakusema uongo. Amemshukuru Mola wake kwa kila hali, na hiyo ndiyo malezi yake. Lakini karani ameandika nini? Ameandika kwamba mgonjwa ameridhika. Shukrani iliyokuwa ikienda kwa Mwenyezi Mungu imetiwa katika hesabu za hospitali, na mwisho wa mwaka itasomwa katika mkutano kuwa ni sifa ya wakubwa.

Na mwengine atasema: mimi namsitiri yule tabibu kijana, mtoto wa watu, kazi ni nyingi. Kusitiri ni jambo jema pale ambapo aibu ni ya mtu na nafsi yake. Ama kasoro iliyo katika kazi ya umma, ambayo wiki ijayo itamwangukia mgonjwa mwengine asiyejua lolote, kuificha si kumsitiri mtu. Ni kumwachia jirani shimo bila ya kumwambia.

Hapa ndipo ibainikapo tofauti tuliyoitaja mwanzo. Mbele ya kadhi, shahidi haulizwi ameridhika kadiri gani. Huulizwa: uliona nini, ulisikia nini, ulikuwa wapi. Naye hushuhudia lile alilolijua, si lile alilolidhania. Patakuwa na mwenye kupinga, aseme kwamba mgonjwa hajui utabibu, basi ushahidi wake una thamani gani? Tumjibu kwamba ni kweli, hajui kama dawa aliyopewa ndiyo iliyofaa. Lakini ajua kama aliambiwa ni dawa ya nini. Ajua kama alipoita usiku alikuja mtu, na kama choo kilikuwa kisafi. Katika mambo haya yeye ndiye mjuzi na daktari mkuu ndiye asiyejua. Karatasi ya maswali ya hospitali za Marekani iitwayo HCAHPS, iliyoanza kutumiwa nchi nzima mwaka wa 2006 na matokeo yake kutangazwa hadharani tangu Machi 2008, ina maswali mengi ya namna hiyo: wauguzi walikusikiliza mara ngapi, daktari alikueleza mara ngapi kwa namna ya kufahamika, nawe hujibu kamwe, mara nyengine, mara nyingi, au daima. Huko ni kuuliza mambo yaliyotukia.

Lakini hata karatasi hiyo ilipata msiba wake, nao una mafunzo. Tangu Oktoba 2012, serikali ya Marekani ilifungamanisha sehemu ya fedha inazozilipa hospitali na majibu ya wagonjwa. Miongoni mwa maswali yalikuwamo ya maumivu: je, maumivu yako yalitulizwa vyema, na je, wahudumu walifanya kila wawezalo? Madaktari wakapiga kelele kwamba wanasukumwa kuandika dawa kali za jamii ya afyuni ili mgonjwa atoke ameridhika na hospitali isipunguziwe fedha, na hayo ni katika nchi ambayo mwaka wa 2016 pekee watu zaidi ya 42,000 walikufa kwa kupita kiasi katika dawa na vileo vya jamii hiyo. Haikuthibitika kwamba maswali ndiyo yaliyoleta madhara. Serikali yenyewe ilisema haina dalili, lakini mwisho wa 2016 ikaamua kuyatoa katika hesabu ya malipo, na mwaka wa 2019 yakatolewa kabisa. Tena mwaka wa 2012 Joshua Fenton na wenzake wa California walitangaza uchunguzi wa watu wapatao 52,000: wale walioridhika zaidi na madaktari wao walitumia fedha nyingi zaidi za matibabu, wakalazwa zaidi, na wakafa zaidi. Mtu asifahamu kwamba kuridhika huua. Afahamu kwamba ridhaa ni kitu kimoja na afya ni kitu chengine, na daktari mwaminifu huenda akamnyima mgonjwa akitakacho.

Limebaki deni la mwenye kuuliza. Mimi nikikuuliza njaa yako, nikasikia jibu, kisha nikafunga mlango wangu, afadhali nisingekuuliza. Kwetu Kenya, ambako tangu 2013 hospitali nyingi za serikali zimo mikononi mwa kaunti, sanduku la maoni hutundikwa ukutani likatiwa kufuli. Ni haki ya kila mtu kuuliza ufunguo uko kwa nani, na mara ya mwisho lilifunguliwa lini, na kilichosomwa kilibadilisha nini.

Katika mji wa Stafford, Uingereza, baina ya 2005 na 2009, wagonjwa wa hospitali ya serikali waliachwa katika matandiko machafu, na wengine wakakosa wa kuwasaidia kula na kunywa. Malalamiko yalikuwako. Wakubwa wa hospitali macho yao yalikuwa katika fedha na hesabu, na Februari 2008, katikati ya mateso hayo, hospitali ikapandishwa daraja. Wakili Robert Francis aliyeongoza uchunguzi alitoa ripoti yake Februari 2013, yenye mapendekezo 290. Aprili ya mwaka huo huo, hospitali za Uingereza zikaanza kumuuliza kila mgonjwa kama angeisifu wodi yake kwa rafiki na jamaa. Ajabu ya swali! Nani humsifia rafikiye chumba cha waliovunjika mifupa? Tangu Aprili 2020 limegeuzwa, sasa mtu huulizwa tu huduma aliionaje, na huachiwa nafasi ya kueleza kwa maneno yake.

Na ile karatasi ya Marekani hupelekewa mtu mzima aliyetoka hospitali akiwa hai. Aliyefia wodini hana karatasi. Kule Stafford kelele hazikuanza kwa fomu yoyote. Mwaka wa 2007 Julie Bailey, aliyefiwa na mamaye katika hospitali ile, aliwakusanya jamaa wa wagonjwa wengine katika mkahawa wake, kila mmoja akasema aliyoyaona kando ya kitanda. Hao hawakungoja kuulizwa.