Shomoro wa Tano

Wiki hii tuongee kuhusu mdudu. Usicheke kwanza.

Huku kwetu pwani kuna maua ya porini ya manjano, jamii ya kunde, wengine huyaita marejea. Maganda yakikauka hulia kama kayamba. Pasua ganda bichi, na mara nyingine utamkuta kiwavi ndani anakula mbegu, raha mustarehe. Baadaye huwa nondo mdogo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi. Baadhi ya marejea yana sumu inayoharibu ini la ng'ombe, lakini kiwavi huila na kuiweka mwilini. Watafiti wa Marekani walimchunguza ndugu yake wa huko. Buibui akimnasa, humgusa tu, kisha hukata nyuzi za utando na kumwachilia! Tena dume humpa jike sumu hiyo wanapokutana, na jike huipitisha kwenye mayai.

Sasa mimi nimesomea biashara, na swali letu la kwanza ni: ana faida gani? Pale Gede, mradi wa Kipepeo umejibu tangu 1993. Wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa, kile kifuko kabla ya mabawa, kwa wenye maonyesho ng'ambo. Msitu ukageuka kuwa mapato. Ni kazi nzuri, siidharau.

Lakini bei ikiondoka, ulinzi nao unaondoka. Kiwavi wa marejea hana mnunuzi. Utaniambia, "Mchungaji, si anapunguza mmea wenye sumu?" Sawa, lakini hapo bado tumemtafutia kazi ndipo tumruhusu kuishi.

Na hesabu hiyo haiishii kwa wadudu, jameni. Hapa Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa shamba. Wengine walikimbilia Kaya Godoma kule Ganze. Shamba lina bei. Mzee mwenye mvi, asiyeweza tena kulima, ameonekana hana. Na wanaopiga hesabu hiyo mara nyingi ni watu wa nyumba yake.

Linganisha Mathayo 10 na Luka 12. Kwa Mathayo, shomoro wawili ni sarafu moja. Kwa Luka, watano ni sarafu mbili. Piga hesabu mwenyewe: wa tano ni nyongeza, bei yake sifuri. Hata huyo, Yesu anasema, Mungu hajamsahau. Ndiyo, alisema pia kwamba sisi tunawapita shomoro wengi, lakini hakusema shomoro ni bure.

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani tutasoma sura zote mbili. Mwenye mzazi mzee ambaye hajafika ibadani siku nyingi, atuambie mapema tupange usafiri.