Kidole na Amana

Simu ya mkononi ni nyumba yenye vyumba vingi. Mlango wake mkubwa una kufuli, lakini tangu mwaka wa 2019 hata WhatsApp, chumba kimoja tu cha nyumba hiyo, chaweza kufungwa peke yake kwa alama ya kidole. Je, aliyeruhusiwa kuingia sebuleni hatukanwi afungiwapo chumba cha ndani?

Hatukanwi. Maneno yaliyomo si mali ya mwenye simu peke yake. Rafiki aliyemweleza maradhi yake, na ndugu aliyemweleza deni lake, waliweka amana kwake, si kwa kila mkono utakaoazima simu. Mtu aweza kusamehe haki yake. Haki ya mwingine hana ruhusa ya kuisamehe. Wazee wa pwani walikaribisha wageni barazani, na kasha likakaa ndani na kufuli lake, ukarimu haukupungua.

Lakini kufuli halitakasi kilichofichwa. Ulaghai uliofungwa ni ulaghai vile vile. Tena kidole kina udhaifu wake. Namba ya siri hukaa moyoni, na ikijulikana hubadilishwa. Alama ya kidole mtu huzaliwa nayo na hufa nayo, na kidole cha aliyelala chaweza kuwekwa juu ya simu naye asijue. Awezaye kukifikia kidole hicho si mgeni: ni mke, mume au mtoto. Basi kufuli humzuia aliye mbali. Aliye karibu huzuiwa na uaminifu wake tu.